Siku Mwiko Uliposimama Katikati ya Mapishi

Watu wakiniuliza nilikuwa nafanya kazi gani miaka yote ile, nawaambia nilikuwa mpishi. Huwa hawaulizi zaidi. Lakini nyinyi vijana mnaoingia kwenye kemia ya viwanda, mliotoka chuoni juzi na makoti meupe ambayo bado yana mikunjo ya dukani, nyinyi siwezi kuwadanganya. Nilikuwa napika, ndiyo, na nilikuwa naogopa. Niliogopa asubuhi nikifunga kamba za viatu. Niliogopa tukinywa chai ya saa nne. Na hata leo nimestaafu, sina sufuria ya mtu yeyote ya kuangalia, lakini wingu jeusi likipanda alasiri juu ya mashamba, nainuka nikazime kila swichi nyumbani.

Kiwanda chetu kilikuwa kidogo, nje kidogo ya mji wa Kericho. Nyuma yetu kulikuwa na chai mpaka macho yachoke. Mbele, ng'ambo ya barabara, kulikuwa na kituo cha kupimia majani ambapo wakulima wadogo walileta chai yao kila mchana. Wa kupika tulikuwa watatu. Madam Chelangat ndiye alikuwa mkemia mkuu na ndiye aliyenifundisha kazi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, aliyesoma ng'ambo akarudi kwa sababu, alisema, huko hakuna mtu anayejua kutengeneza mursik, maziwa yetu ya kibuyu. Rono alikuwa fundi wa mitambo, mtu wa Silibwet, mcheshi, mwenye miguu isiyojua kutembea polepole. Na mimi Nyambura, au Mama Ciku kama walivyozoea kuniita, binti wa muuza viazi wa Chepseon. Baba alitoka upande wa Murang'a akiwa kijana, akashuka Chepseon na magunia yake, na hakuondoka tena.

Tulikuwa tunapika nini? Chukua jani la chai lililokomaa, lidondoshee tone la maji. Tone litaviringika kama shanga na kuanguka, kwa sababu jani lina nta. Sasa fikiria mkulima ananyunyiza mbolea ya majani, halafu sehemu kubwa inaishia chini kwenye magugu. Sisi tulitengeneza kitu cha kuchanganya na ile mbolea ili maji yalale juu ya jani kama shuka kitandani. Siri yake ni mnyororo mmoja wenye vipande viwili. Kipande kimoja kinapenda maji, kingine kinapenda mafuta na nta, na vimeungwa mwisho kwa mwisho. Vitabu vyenu vinaiita polima ya vipande na vina majina marefu ya kutisha. Rono aliiita mtoto wa Chepseon. "Mama Mkipsigis, baba Mkikuyu," alikuwa akisema, "na sasa nani atawatenganisha?"

Kuviunga ndiyo kazi. Chini ya sufuria unaweka maji yenye kostiki soda kali, ile inayounguza ngozi. Sufuria, kwetu sisi, ni tangi la chuma lenye kimo cha mtu. Juu ya maji kinaelea kiyeyusho chenye harufu ya rangi ya mlango, na ndani yake ndimo vipande vya mnyororo vilimo. Maji na kiyeyusho havisalimiani. Kostiki inatakiwa huko juu ifanye kazi, lakini haiwezi kupanda. Kwa hiyo unaweka mtu wa kati, chumvi fulani inayokubalika pande zote mbili. Inachukua mzigo upande wa maji, inauvusha hadi upande wa kiyeyusho, inauacha huko, na kurudi mikono mitupu kuchukua mwingine. Kidogo tu kinatosha kwa maana haiishi. Tuliiita broka, yaani dalali. Kama mabroka wote tuliowajua sokoni, haikulima wala haikuchuma, lakini bila broka hakuna kilichotembea.

Broka hufanya kazi mpakani, pale vimiminika viwili vinapogusana. Ndiyo maana lazima ukoroge, ukoroge kwa nguvu, mpaka vyote vionekane kama maziwa. Mtambo wa kukoroga ndio tulioita mwiko.

Siku yangu ya kwanza Madam alinipeleka kando ya sufuria, akachukua mkono wangu, akaubandika kwenye chuma.

"Unasikia nini?"

"Inatetemeka."

"Hiyo ni mwiko. Na nini tena?"

"Ni joto kidogo."

"Hilo joto ni vipande vinaungana. Likitoka kidogo kidogo, maji baridi yanalibeba, hakuna neno." Akasogea karibu. "Sasa mwiko ukisimama, je?"

Nikasema joto litapungua, na nilikuwa sawa.

"Litapungua," alisema. "Na hapo ndipo ninapoogopa mimi. Vimiminika vinaachana, kila kitu kinalala, mtu anadhani mambo yametulia. Lakini vile vyote ambavyo havijaungana bado vimo humu ndani, vimelalia kostiki. Ukiwasha mwiko ghafla vinaungana vyote kwa pamoja. Joto la kutwa nzima linatoka kwa pumzi moja."

"Halafu?"

Aliangalia paa la mabati, akaangalia ukuta, akaniangalia mimi. Kutoka siku hiyo sikuwahi kuingia chumba kile bila kwanza kutazama mlango wa kutokea uko wapi, ingawa ulikuwa palepale siku zote.

Msifikiri tulikuwa tunalia tu. Kwanza tulilia kwa sababu nyingine. Kulikuwa na dawa ya kuungia vipande, tuliyoidondosha ndani ya sufuria mapishi yakiendelea, na ilitengenezwa kwa unga mweupe unaochoma macho vibaya sana, vitunguu ni mchezo. Rono alikwenda kwenye mazishi huko Longisa na jaketi aliyovaa kazini. Jua likawaka, akajifuta jasho kwa mkono wa jaketi, na machozi yakamtoka kama mfereji. Akalia, akashindwa kusimama. Marehemu alikuwa jirani wa mjomba wake, mtu ambaye hata hakumfahamu vizuri. Wazee wakaanza kunong'onezana, na mjane akamwita kando amuulize yeye ni mtoto wa nani hasa. Alirudi kazini akasema, "Mama Ciku, karibu nirithi shamba." Tangu hapo tukawa tunabadilisha nguo zote kabla ya kwenda nyumbani, na nyinyi pia mbadilishe. Unga huo hauonekani kwenye kitambaa. Unaubeba mpaka kwenye uso wa mtoto wako.

Basi, siku yenyewe.

Ilianza vibaya kwa jambo dogo. Kipande kile kinachopenda maji huganda kwenye baridi, na asubuhi za Kericho mnazijua. Tulikuta pipa limeganda kama mafuta ya kukaangia. Tukaliweka kwenye maji moto, tukangoja, na asubuhi ikatuponyoka. Madam hakupenda kupika alasiri, maana alasiri ndipo mvua yetu inapokuja na stima, umeme wetu, inapokwenda. Alitoka nje, akatazama juu. Anga lilikuwa jeupe.

"Mnaonaje?" akatuuliza.

"Mvua ya jana ilitosha wiki nzima," alisema Rono.

Mimi niliwaachia wao waamue. Woga wangu ulikuwa wa kila siku, na woga wa kila siku haukusaidii kuchagua siku.

Tukaanza. Mpaka mchana ulipogeuka tulikuwa vizuri. Kwenye kidirisha cha kioo niliona maziwa mazito yakizunguka, mshale wa joto umekaa mahali pake. Juu ya sufuria, kwenye jukwaa la ngazi, kulikuwa na tangi dogo lenye ile dawa ya kuungia, imeyeyushwa, inadondoka ndani tone kwa tone. Ilidondoka kwa uzito wake yenyewe. Haikuhitaji stima.

Giza likaja kwa haraka, kama mtu amefunga pazia. Nilisikia upepo kwenye miti, kisha kishindo kimoja juu ya bati, kisha kingine, kisha paa lote likanguruma. Mvua ya mawe. Wale ambao hamjawahi kukaa chini ya mabati wakati wa mvua ya mawe ya Kericho, siwezi kuwaeleza. Unaweza kupiga kelele kwenye sikio lako mwenyewe usijisikie.

Taa ikazimika. Mwiko ukapunguza mwendo, ukagonga mara moja pembeni, ukasimama.

Rono akafanya kile alichofanya siku zote stima ikipotea: akakimbia mlango wa nyuma kwenda kuwasha jenereta. Ilikuwa kazi yake, na hakuna aliyewahi kumwambia vingine. Siku nyingine zote stima ilipopotea sufuria ilikuwa tupu, au mapishi yalikuwa yamekwisha. Madam akapanda ngazi kwenda kufunga bomba la lile tangi dogo, maana dawa ilikuwa bado inadondoka, na sasa ilikuwa inadondokea kitu kisichokorogwa. Mimi nilibaki kwenye kidirisha. Niliona maziwa yakiachana. Juu pakawa peupe kama maji ya chupa, chini pakabaki ukungu.

Niliinua macho. Madam alikuwa amefunga bomba, amenigeukia, mdomo wake wazi, anapiga kelele bila sauti. Mkono wake ulikuwa unaonyesha ukutani.

Swichi ya mwiko. Ilikuwa bado imewashwa.

Nilianza kukimbia. Sikuwa nimefika katikati ya sakafu taa ilipowaka. Jenereta ilikuwa imeshika. Nyuma yangu mwiko ukaamka, nikausikia kwa nyayo kabla ya masikio, ule mtetemo kwenye saruji. Niliipiga swichi kwa kiganja, ukasimama tena. Ulizunguka kwa muda gani? Baadaye Madam alisema ni muda wa kusali Baba Yetu ukafika kwenye mkate wetu wa kila siku. Ulitosha.

Mshale ukaanza kupanda. Haukuruka. Ulipanda polepole kama mzee anayekwea kilima, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ulikuwa na muda wa kuutazama.

Sufuria yetu ilisimama ndani ya sufuria nyingine, kama karai kubwa la chuma, na maji baridi yalizunguka katikati yao. Pampu ya kuvuta maji hayo kutoka mtoni ilitumia stima ya laini kuu. Jenereta haikuifikia. Kwa hiyo maji yalikuwa yamesimama, na yalikuwa yameanza kufuka. Bomba la kupoza mvuke nalo lilikuwa halina maji. Nikasikia harufu ya rangi ya mlango, nyepesi kwanza, kisha nzito. Mvuke wa kiyeyusho kile ni mzito kuliko hewa, vijana. Haupandi mbinguni. Ulikuwa unatoka kwenye bomba lililotokeza nje juu ya varanda, chini ya paa, na kushuka ukutani, unatambaa chini kama paka.

Madam alishuka ngazi. Akaniwekea mdomo sikioni. "Watu wako kwenye varanda."

Nilikuwa nimewasahau. Mvua ya mawe ilipoanza, waliokuwa kituo cha kupimia walivuka barabara wakaja kujikinga kwetu. Nilifungua mlango wa mbele nikawakuta wamejibana ukutani, wanawake na vikapu vyao vya majani, wanaume wamevaa magunia vichwani. Na katikati yao Bot Cherono, mama yake Cherono, ambaye huchuma chai asubuhi na kuchoma mahindi hapo barabarani mchana. Alikuwa ameokoa jiko lake kutoka kwenye mvua. Alikuwa ameliweka chini ya bomba letu la mvuke, mahali pakavu kabisa, analipepea. Makaa yalikuwa mekundu kama jicho.

Nilipita kati ya vikapu mpaka kwake.

"Toa jiko!"

Akaweka mkono sikioni. "Nini?"

"Jiko! Litoe hapa!"

"Mama Ciku, nilipeleke wapi na hii mvua?"

Hakukuwa na wakati wa kumweleza mambo ya mvuke. Nililishika lile jiko kwa mikono miwili, na mikono yangu haikusikia moto mpaka baadaye, nikalirusha nje kwenye mawe ya barafu. Likatoa sauti kama nyoka. Mahindi yakaviringika kwenye matope. Bot Cherono alinitazama kama aliyeona mtoto wake ametupwa, kisha akanipiga begani na kipepeo chake cha kupepea makaa.

"Umeingiwa na wazimu?"

Nikamkumbatia kwa nguvu, nikasema ndani ya sikio lake: "Nusa. Nusa hiyo harufu. Ikikutana na moto sisi sote tumekwisha. Sufuria imeharibika huko ndani. Waondoe watu."

Alinusa. Niliona uso wake ukibadilika. Akawageukia watu akapaza sauti kwa Kipsigis, sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, na hiyo ndiyo sauti pekee iliyoishinda mvua siku ile. Mzee mmoja alikataa. Akaonyesha nje, akaonyesha kichwa chake chenye upara. Bot Cherono akamwaga majani yake ya siku nzima, akamvika kikapu kichwani, akamsukuma. Wengine wakafanya vivyo hivyo. Wakatoka mbio, vikapu vichwani, mawe yakiwagonga mgongoni, wakavuka barabara wote.

Sasa nilikuwa nje, na walio ndani walikuwa wawili. Ningeweza kuvuka barabara pia. Hakuna ambaye angeniuliza. Nilifikiria Ciku wangu aliyekuwa shuleni Chepseon, na nikafikiria jinsi mtu atakavyokwenda kumwambia. Nilisimama pale, sijui kwa muda gani, mguu mmoja ndani na mwingine nje. Kisha Madam akatokea mlangoni, amelowa jasho, miwani yake ya kazi ina ukungu. Nilidhani atanifokea. Alikuwa anaangalia nyuma yangu, chini, kwenye ua ambao ulikuwa umegeuka mweupe wote.

"Barafu," alisema. Nilisoma midomo yake. "Nyambura, leta barafu!"

Rono alikuwa amerudi na koleo. Alikuwa ameona taa ikiwaka, akaingia kwa furaha, akakuta uso wa Madam, akaelewa. Alikimbia tena akazima jenereta ili isitoe cheche, kisha akaanza kuchota mawe ya barafu na kuyamwaga kwenye lile karai linalozunguka sufuria. Yaliyeyuka yakigusa tu. Mimi nilichota kwa ndoo. Haikutosha. Mshale ulikuwa bado unapanda, na kutoka kwenye kifuniko gasketi, ule mpira wa kuziba, ilianza kupiga mluzi, mluzi mwembamba kama wa mtu anayewaza.

Nikasikia mtu ananigusa mgongoni. Alikuwa Bot Cherono, na kikapu chake cha kuchumia kimejaa barafu mpaka juu. Nyuma yake wanawake wawili, na vyao.

"Rudini!" nikamwambia.

"Chukua," akasema.

Madam alipiga kelele kwamba mtu asivuke kizingiti. Hakuna aliyevuka. Walileta vikapu mpaka mlangoni, nikavipokea, nikavikimbiza kwa Rono, nikarudi. Mpaka leo sijui kama tulifanya vizuri kuwaruhusu hata mlangoni. Wangekufa. Nimeligeuza jambo hilo mara nyingi na kila mara linanitazama na uso tofauti. Lakini nawaambia pia kwamba sikuwaambia tena warudi.

Rono alikuwa anamwaga kikapu, sikumbuki cha ngapi, gasketi ilipoachia upande mmoja. Ilitema kostiki ya moto kwenye mkono wake wa kushoto, kutoka kwenye kiwiko hadi kifundo. Aliangusha kikapu. Nilimvuta nje chini ya mfereji wa paa, maji yalipokuwa yanamwagika kwa nguvu, nikaushikilia mkono wake hapo.

"Niache niende," alisema.

"Hapana. Maji kwanza. Maji mengi."

"Mama Ciku, mimi ndiye niliwasha." Alikuwa analia, na safari hii haikuwa dawa. "Nilikuwa nasaidia."

"Najua. Kaa hapa."

Nikamwacha mfereji ukimmwagikia, nikarudi ndani. Madam alikuwa mbele ya mshale, mikono kifuani, midomo yake inatembea. Hakuwa mtu wa kusali mbele ya watu. Nilisimama kando yake. Mshale ulitetemeka. Ulisimama. Tuliendelea kumwaga barafu, na kwa muda mrefu ulibaki palepale, kama unaofikiri upande wa kwenda. Kisha ukashuka kidogo. Nilidhani ni macho yangu. Ukashuka tena.

Tuliposadiki kwamba vimiminika vimeachana kabisa, Madam alipiga magoti chini ya sufuria akafungua bomba la chini, taratibu, akaitoa kostiki yote kwenye mapipa. Hiyo ndiyo nataka muishike. Mkishaipoza, tenganisheni. "Bila kostiki," aliniambia, "broka hana cha kubeba."

Mvua ya mawe ikakoma kama ilivyoanza. Jua likatoka. Tulitoka nje, na hakuna aliyeshangilia. Mashamba yote yalikuwa yamechanwachanwa, vichipukizi vyote chini, na wale wakulima walisimama barabarani wakiangalia chai yao ya wiki nyingi. Sisi tulikuwa hai, wao walikuwa wamepoteza mavuno, na barafu ni ileile. Bot Cherono alilipata jiko lake, udongo wake umepasuka katikati kwa baridi. Alikaa juu ya jiwe nalo mapajani. "Mmenivunjia jiko," alisema, kisha akaanza kulia kwa sauti, na Madam Chelangat, aliyesomea ng'ambo, akakaa matopeni kando yake akalia naye.

Ndani ya sufuria tulikuta mapishi yamekuwa ugali mgumu. Tuliutoa kwa patasi.

Baadaye Madam alibadilisha mambo. Swichi ya mwiko ikarekebishwa ili stima ikipotea ianguke yenyewe, na isiwake mpaka mkono wa mtu uiwashe. Bomba la dawa likawekwa kizuizi kinachojifunga mwiko ukisimama. Pampu ya maji ikaungwa kwenye jenereta kabla ya kitu kingine chochote. Bot Cherono tulimtafutia mahali mbali na ukuta wetu, naye hakuhitaji kushawishiwa. Miaka ya mwisho kabla sijastaafu walikuwa wameleta skrini inayofanya yote haya, na vijana kama nyinyi mnaiangalia mkiwa mmeketi. Ni vizuri. Lakini mara moja kwa siku ondokeni kwenye skrini, mkabandike mkono kwenye chuma.

Rono alipona. Mkono ulibaki na kovu kama ramani. Madam hakumlaumu hata siku moja, na alimwambia hivyo mbele yetu sote. Rono alirudi kazini asubuhi moja, akavaa ovaroli, akafika mlangoni mwa chumba cha sufuria, akasimama. Tulimngoja. Alisimama pale mpaka chai ya saa nne, kisha akavua ovaroli, akaikunja vizuri, akampa Madam. Akarudi Silibwet kufuga ng'ombe na kulima chai yake mwenyewe.

Mwaka huu, baada ya mimi kustaafu, nilikwenda kumtembelea. Tumezeeka. Mkewe alituma mahindi yakasagwe, tukaenda wote wawili mpaka kwenye mashine ya unga pale senta ya Silibwet, tukipiga hadithi za ng'ombe na wajukuu. Foleni ilikuwa ndefu. Mahindi yetu yalikuwa yameanza kusagwa stima ilipopotea. Mwenye mashine, kijana mmoja mwenye kofia, akaegemea ukuta akatoa simu. Tuliendelea kuongea. Ng'ombe wa Rono alikuwa amezaa mapacha, ndama wote wawili wazima.

Stima ikarudi. Swichi ilikuwa imeachwa, na mashine ikaamka kwa kishindo, sakafu ikatetemeka.

Sikumbuki kutoka. Nakumbuka tu nikiwa barabarani, kiatu kimoja kimevuka mtaro, na Rono yuko kando yangu, ameshika mkono wake wa kushoto kwa wa kulia. Watu wa foleni walikuwa wanatucheka, wazee wawili wamekimbia mashine ya unga. Kijana wa kofia alitoka mlangoni.

"Mzee, kuna nini?"

"Stima ikipotea," Rono alisema, "zima swichi kwanza."

"Ai, mzee, si ni mashine tu?" Akacheka, akaingia ndani. Baadaye kidogo akatuita, unga wetu uko tayari.

Rono alinitazama. Nilimtazama. Tukacheka pia, tukacheka mpaka akajifuta macho.

"Nenda ulete," akasema.

"Ni unga wako," nikamjibu.

Tulisimama pale barabarani, tunacheka, na hakuna aliyesogea.